Zabuni ya Kufagia Soko

Kwa miaka kadhaa nilianza siku zangu kwa kufungua mfumo wa manunuzi wa serikali. Niliusoma kama wengine wanavyosoma gazeti, nikianza na mambo ya mbali yasiyonihusu. Halmashauri moja kusini ilitaka meza za shule. Nyingine, ambayo sijawahi kufika, ilitafuta mtu wa kuzibua mitaro. Mahali fulani palihitajika mapazia ya ukumbi, na tangazo lilieleza rangi, urefu na aina ya kitambaa kwa umakini ambao watu hawautumii hata wanapoelezea wachumba wao. Kwa mtu aliyeishi peke yake katika chumba na sebule kule Somanda, kulikuwa na faraja ya kiajabu katika kujua kwamba nchi nzima ilikuwa ikiomba kitu. Kisha nilichuja: mkoa wa Simiyu, huduma zisizo za ushauri, usafi. Orodha ilibaki fupi, na mara nyingi ilibaki tupu. Nilifunga kompyuta na kwenda sokoni.

Sokoni ndiko kulikokuwa na kazi yangu. Kampuni yangu, ambayo kwa hakika ilikuwa mimi, mhuri na mikokoteni michache, ilikuwa na mkataba wa kufagia soko la mji na stendi ya mabasi. Kufagia kwenyewe kulifanywa na kina mama waliokuwa wamemaliza nusu ya kazi kabla sijafika. Mimi nilikagua, nikaandika taarifa, nikafuatilia malipo halmashauri. Hawakunihitaji pale asubuhi, na nadhani walilijua hilo kuliko nilivyolijua mimi.

"Mwangaluka, bosi," kiongozi wao alikuwa akinisalimia kwa Kisukuma, akiwa bado ameinama.

"Mwangaluka, mayu," nilimjibu, yaani mama.

"Leo umelala wapi, mbona shati halijapigwa pasi?"

Wenzake walicheka. Yeye alikuwa mama mwenye wajukuu, Mkatoliki, mzaliwa wa kijiji cha upande wa Maswa, na aliniita bosi kwa sauti ileile ambayo angemwitia mtoto wa dada yake aliyefeli mtihani. Nilisubiri salamu hiyo usiku kucha. Sioni haya kulisema sasa. Katika mji ule hakukuwa na mtu mwingine aliyekuwa akiona shati langu.

Nilikuja Bariadi mkoa ukiwa bado mpya, nikiwa mtumishi wa mradi wa vyoo vya shule. Mradi ulipokwisha, wenzangu walifanya sherehe ndogo, wakapakia magodoro na kurudi makwao, mmoja Arusha, mwingine Morogoro. Mimi nilibaki. Niliwaambia kwamba nimeona fursa. Ukweli ni kwamba ndoa yangu kule Njombe ilikuwa imekwisha bila kelele, na sikujua ningeshukia nyumba ya nani. Nilikuwa na shahada ya sayansi ya mazingira na ujuzi wa kuandika maandiko ya miradi, kwa hiyo nikasajili kampuni ya usafi. Sijawahi kujutia uamuzi huo. Nimejutia mengine.

Mkataba wa soko haukuwa wa kudumu. Ulikoma na mwaka wa fedha, mwishoni mwa Juni, na halmashauri ikatangaza upya. Tangazo lilipotokea mwaka ule, mwezi wa Aprili ukielekea ukingoni, nililiona asubuhi na nikaenda kuwaambia kina mama kabla ya kulisoma lote.

"Tangazo limetoka."

"La kutufukuza au la kutuongeza?" kiongozi aliuliza.

"La kuanza upya."

"Kila mwaka tunapandwa kama mahindi," mmoja akasema, na wengine wakaguna.

"Sasa bosi," kiongozi akasema, "si wataona tu kwamba pamefagiwa? Waje waangalie."

"Hawaamui kwa kuangalia soko, mayu. Wanaamua kwa kusoma nyaraka."

"Basi na hizo nyaraka uzifagie vizuri. Mwaka jana ulipokuwa unaziandaa ulikonda mpaka tukadhani unaumwa."

Walirudi kwenye kazi wakicheka, lakini niliona kwamba yeye hakucheka. Alikuwa na mjukuu aliyeanza sekondari. Kama zabuni ingekwenda kwa mwingine, angeweza kuja mtu na watu wake, na kina mama hawa wangerudi kusubiri vibarua vya msimu wa pamba. Nami ningebaki na mhuri.

Ni lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tukizifanya zabuni zamani, kwa sababu yote yaliyotokea yanatokana na hapo. Enzi za karatasi, sisi wazabuni wa mji huu tulijuana. Siku moja kabla ya mwisho wa kuwasilisha, wote tulijikuta katika steshenari moja karibu na ofisi za halmashauri, kila mmoja na rundo lake, tukitoa kopi, tukibandika, tukiazimana stepla. Bei alizoandika mtu hazikuulizwa. Hayo mengine yote yalisemwa kwa sauti.

Mshindani wangu mkubwa alikuwa mwanamke kutoka Tabora, Mwislamu, mjane, mwenye kampuni ndogo kama yangu na ulimi mkubwa kuliko kampuni zetu zote mbili. Aliniita kaka msomi.

"Kaka msomi, hiyo ni zabuni au tasnifu? Watu wataisoma mpaka Krismasi."

"Na yako, dada, ilivyo nyembamba, watadhani ni risiti."

"Risiti ndiyo inayolipwa!"

Kampuni ndogo kama zetu haziwezi kumlipa mtaalamu mwaka mzima akisubiri kazi ambayo huenda isije. Zabuni ya usafi hudai msimamizi mwenye cheti cha afya ya mazingira, kwa hiyo humwendea bwana afya mstaafu, ukamwomba vyeti na wasifu wake, naye hutia saini kwamba ukishinda atafanya kazi nawe. Hakuna ubaya katika hilo, ila kuna sharti moja: mtaalamu mmoja asitajwe katika zabuni mbili. Pale steshenari sharti hilo lilijilinda lenyewe. Mwenye duka aliinua cheti juu akapaza sauti: "Huyu bwana afya mbona nimeshamtoa kopi asubuhi? Ni wa nani?" Tulibishana, tukataniana, mmoja wetu akasalimu amri na kutafuta mwingine kabla ya saa za kufunga. Kesho yake tulikaa kwenye benchi moja ukumbini, tukisikiliza bei zetu zikisomwa, na aliyeshinda alinunua soda.

Kisha mfumo ukaja. Sitausema vibaya. Niliupokea kwa furaha kuliko wengine, kwa sababu uliondoa safari, bahasha na hofu ya kuchelewa, na mtu mwenye kompyuta na bando anaweza kuomba kazi ya nchi nzima akiwa kitandani. Lakini kuanzia hapo sikuwa na sababu ya kwenda steshenari. Mshindani wangu nilimwona mara chache, akipita kwenye bodaboda na mtandio ukipepea, tukapungiana mikono. Zabuni ikawa jambo la mtu na kioo.

Mwaka ule niliandaa kila kitu mapema. Cheti cha kutodaiwa kodi, leseni, hati za kampuni, taarifa za benki, mikataba ya nyuma, vyote nilivipiga picha safi na kuvipanga. Bwana afya niliyemtumia siku zote alikuwa amehamia kwa mwanawe Geita, nikaelekezwa kwa mwingine, mstaafu aliyekuwa akiishi nje kidogo ya Lagangabilili. Nilimwendea kwa pikipiki siku ya Jumamosi. Pamba ilikuwa imeanza kupasuka, na pande zote mbili za barabara watu walikuwa mashambani na vikapu na magunia.

Nilimkuta barazani na mke wake, wakichambua pamba, nyeupe upande mmoja na fifi, ile yenye madoa, upande mwingine. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipoeleza shida yangu alisimama papo hapo.

"Vyeti? Kama panya hawajavila, ni vyako."

"Shikamoo kwanza, mzee," nilisema, maana katika haraka yangu nilikuwa nimeisahau.

"Marahaba. Nyinyi watu wa mjini mnaanza na shida halafu salamu." Akamgeukia mkewe. "Huyu naye mtayarishie chakula."

Alileta bahasha ya kaki. Vyeti vilikuwa safi kabisa. Alitia saini bila kusoma, akakataa kabisa habari ya nauli au asante ya aina yoyote kabla ya kazi kupatikana.

"Siku hizi jina langu linatembea kuliko mimi," alisema, akarudisha kofia ya kalamu.

Nililichukua kama neno la mstaafu. Nilikuwa natabasamu na kufungasha karatasi, na mke wake alikuwa ameweka ugali na maziwa ya mgando, na baadaye michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai. Nilitaka kuondoka mapema. Lakini walinikalisha. Mzee alinisimulia siku alizokuwa akizunguka vijijini kwa baiskeli kukagua visima. Mkewe alimkatiza na kumrekebisha. Wakabishana juu ya jina la mwenyekiti wa kijiji aliyekufa zamani. Nilikula polepole. Sikumbuki ilikuwa lini mara ya mwisho kabla ya siku ile mtu kunisogezea bakuli mara ya pili bila kuniuliza. Nilibaki mpaka jua likaanza kulainika, na nilipopanda pikipiki nilikuwa nimeshiba na nina furaha, na nilikuwa sijauliza swali ambalo kila mzabuni huuliza: je, kuna mwingine uliyempa?

Nilikumbuka nikiwa njiani. Nilijiambia kwamba nitapiga simu. Kesho yake nilijiambia kwamba kumpigia mzee aliyenilisha na kumhoji kama mtuhumiwa ni utovu wa adabu. Nikafikiria njia fupi zaidi: kumpigia mshindani wangu. Namba yake nilikuwa nayo. Ningesema tu, dada, mimi nina wa Lagangabilili, wewe je? Lakini katika fomu za mfumo nilikuwa nimetamka kwamba sikuwasiliana na mzabuni mwingine kwa nia ya kupanga bei. Swali langu halikuhusu bei. Hata hivyo, neno lile lile ambalo pale steshenari lilipazwa mbele za watu wote bila kumdhuru mtu, likisemwa kwa simu, wawili tu, lilionekana mnong'ono. Nilishika simu, nikaangalia jina lake, nikaiweka mezani. Nitakuwa mkweli: sikuzuiwa na kanuni peke yake. Nilikuwa nimekaa muda mrefu bila kumpigia mtu nisiye na kazi naye, na sikujua sentensi ya pili ingekuwa ipi.

Nikawasilisha. Mfumo ulinishukuru kwa maandishi ya kijani.

Siku ya kufunguliwa, hakukuwa na ukumbi wala benchi. Nilikaa sebuleni, saa ilipofika jedwali likajitokeza kwenye kioo. Zabuni zilikuwa tatu: yangu, ya dada wa Tabora, na ya kampuni moja ya Mwanza. Bei yangu ndiyo iliyokuwa ya chini. Nilitazama kulia na kushoto, nadhani nikitafuta mtu wa kumwangalia usoni, nikaona kochi.

Kina mama niliwaambia kwamba tuko pazuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kiongozi wao alisema "wabeja", asante, akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Barua ya kusudio la kutoa mkataba ilikuja wiki kadhaa baadaye, ndani ya mfumo. Mshindi alikuwa kampuni ya Mwanza. Zabuni yangu ilikuwa imeondolewa katika hatua ya awali kwa sababu mtaalamu niliyemtaja alikuwa ametajwa pia na mzabuni mwingine, na masharti yanasema katika hali hiyo wote wawili huondolewa. Niliisoma mara moja tu. Ilikuwa imeandikwa vizuri na haikuwa na kosa.

Simu ililia mchana ule ule.

"Kaka msomi," sauti ilisema, "bwana afya wa Lagangabilili unamfahamu?"

Niliitazama barua iliyokuwa bado kwenye kioo.

"Haya. Nimeshajua." Nilimsikia akishusha pumzi, kisha, bila kutarajia, akaanza kucheka. "Yule mzee! Alinilisha michembe mpaka nikashindwa kupanda pikipiki."

"Na maziwa?"

"Na maziwa! Na ile hadithi ya visima?"

"Na ya visima."

Tulicheka sana, kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili. Kisha kicheko kiliisha kwa wakati mmoja pande zote mbili.

"Ungenipigia, kaka."

"Nawe ungenipigia."

"Niliogopa utasema nachungulia bei yako. Tena nilikaa na simu mkononi."

"Hata mimi."

"Basi tumekwisha," alisema. Papo hapo akawa mfanyabiashara tena. "Sikiliza. Tuna siku za kulalamika. Tupeleke malalamiko, wewe na mimi kwa pamoja. Tuseme mtaalamu angekuwa wa yeyote ambaye angeshinda, hakuna aliyedanganya. Wewe andika, una Kiingereza cha sheria. Mimi nitafuatilia."

Nilimwambia nitafikiri. Kwanza nilimpigia mzee wa Lagangabilili. Hakuelewa mara moja, na alipoelewa alisikitika sana.

"Mlikuja wote wawili na shida ileile, mwanangu," alisema. "Ningemnyima nani?"

Kwa siku mbili niliandika malalamiko. Yalikuwa mazuri. Nilikuwa na hoja, na ndani ya hoja kulikuwa na raha ya kuwa upande mmoja na mtu. Kila aya niliiona kama naiandika nikiwa nimekaa naye benchi. Lakini nilijua jambo ambalo yeye pia alilijua. Malalamiko yakipokelewa, utoaji wa mkataba husimama mpaka yasikilizwe. Mkataba wetu ulikuwa unakwisha na Juni. Katikati hapo soko lisingekuwa na mkandarasi, na kina mama wasingekuwa na mtu wa kuwalipa. Na sharti tulilolivunja lilikuwa wazi. Tuliliwekea sahihi sote wawili.

Nilimpigia.

"Sitapeleka, dada."

"Kwa nini?"

Nilimweleza habari za kina mama.

"Wafagiaji?" alisema. "Kaka, wafagiaji watamfagilia yeyote. Wewe ndiye unayewahitaji wao." Hakusema kwa ubaya. Alingoja nikanushe, kisha akasema, kwa upole kiasi, "Peke yangu siwezi. Haya. Mungu akupe njia nyingine." Hatujazungumza tena, ingawa hatukugombana.

Kiongozi wa kina mama nilimwambia mwenyewe, kabla ya wengine, nyuma ya mabucha. Hakuuliza nani alikosea. Aliuliza, "Huyo mpya atatuchukua?"

"Sijui."

"Utamwomba?"

Niliomba. Mwakilishi wa kampuni ya Mwanza alikuja kukagua eneo wiki ya mwisho ya Juni, kijana mwenye heshima na simu mbili. Nilimzungusha soko lote. Nilimwonyesha mahali maji ya mvua yanapotuama, nikamwambia ni akina nani wanaojua kuamka. Nilizungumza vizuri, kama nilivyowahi kuandika vizuri, na safari hii maneno yangu yalifanya kazi niliyoyatuma kuifanya. Aliwachukua wote. Nilipowapa habari walipiga vigelegele katikati ya vitunguu, wakanikumbatia mmoja mmoja, wakaanza papo hapo kuulizana kama makoti ya kampuni mpya yatakuwa na mifuko.

Siku ya kwanza ya Julai niliamka saa ileile. Nilivaa, nikatoka, nikafika mpaka kona ya stendi. Waliokuwa upande huu wa mabasi walikuwa watatu, wakiwa na makoti mapya ya rangi ya chungwa, na yule kijana alikuwa amesimama karibu akiandika. Kiongozi wao alikuwa amenipa mgongo. Ningemwita angegeuka, angesimamisha ufagio, angesema neno juu ya shati langu, na kijana angetazama saa. Siku ya kwanza kazini mtu hapaswi kuonekana amesimama. Kwa hiyo sikumwita. Nilisimama kwenye kona mpaka walipovuka kwenda upande wa soko, na vumbi likatua, na wapiga debe wawili wakanijia mbio, kila mmoja akinishika mkono mmoja, wakiniuliza kama ninakwenda Mwanza au Shinyanga.